Filimbi Tuliyomvisha Mama Makoye

Jumamosi, 6 Julai 2024

Nyumba imekwisha! Vyumba viwili, bati jipya, mlango wa chuma. Sisi wasichana wa zamani wa shule ya masista — wasichana! Justa ana wajukuu wawili — tumesomba matofali kwa vichwa vyetu wiki nzima. Mikono imejaa malengelenge. Kule shuleni walitufundisha kwamba aliyepewa lazima arudishe, haya, tumerudisha mpaka viuno vinalia.

Mama Makoye alikuwa analala kwenye kibanda, mlango wake miti na gunia. Mwaka jana jirani yake alikatwa mapanga kitandani. Kisa? Macho mekundu, eti mchawi. Mtu kapikia moto wa kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote, hayo macho yawe meupe kwa dawa gani? Upuuzi mtupu! Naye mwenyewe ana kovu kutoka sikioni mpaka begani. Nilimuuliza nani kamfanyia, akaniuliza kama nimeshakula.

Jioni Justa kaja na wazo. Tumpe filimbi. Akivamiwa apulize, watu waje. Mnakumbuka Sista Asumpta wa bwenini, akasema? Filimbi yake ikilia bweni zima nje, na yule mwizi alikimbia akaacha kiatu! Tukacheka, tukapiga makofi. Nilimvisha shingoni mwenyewe. Bibi wa watu aliigeuzageuza, akaniangalia, akasema wabeja, asante. Nikajua kafurahi.

Jumapili, 7 Julai

Nimempiga mtu kofi baada ya Misa. Sijutii hata kidogo.

Ni Makoye mwenyewe, mwanaye. Wachimbaji wamefika na maduara yao, yale mashimo yao, mpaka mpakani mwa shamba la mama yake, mwamba wa dhahabu unaingia ndani. Anataka mama auze. Mama hataki, mumewe kazikwa humo. Basi lile dume likaja na mabuti, likaupiga teke mlango wetu mpya, likasema tumemjengea mchawi ikulu. Kisha likamshika mama yake kanga shingoni, likamtikisa. Mama aliyemzaa! Nililizaba kofi mpaka kofia ikaanguka. Likacheka. Likasema nyie mtarudi kwenu.

Justa kaninong'oneza: Asteria, tumekuja kuhudumu. Nikamwambia hilo nalo ni huduma.

Jumatano, 10 Julai

Leo tunapaka rangi zahanati. Kesho kutwa tunaondoka. Nimeota mbwa wengi, sijapenda.

Jumatano hiyohiyo. Ndani ya nyumba ya Mama Makoye

Tumejifungia, naandika ili nisipige kelele.

Mchana kweupe tulisikia filimbi. Justa akatabasamu, brashi mkononi — unaona, inafanya kazi! Tukakimbia. Njiani filimbi nyingine zikaitikia, moja bondeni, moja kwa wachimbaji, halafu kila upande. Wanaume wakatupita mbio na marungu. Nikawa nasema moyoni, asante Mungu, wanakwenda kumwokoa.

Makoye alikuwa amemjia na panga. Mama kapuliza. Na yule shetani hakukimbia! Alilitupa panga majanini, akasimama palepale, akamnyooshea mama yake kidole: huyu hapa! Basi wakaanza.

Yule aliyetuuzia mahindi jana, na kutuongeza mawili ya bure, alimpiga kwa mpini wa jembe. Nilisikia mkono ukivunjika. Nikamlalia mama juu. Rungu la mgongo, la pili la mgongo, la tatu sikulisikia. Nilimng'ata mtu mguu, kinywa kimejaa damu, sijui ni yangu au yake. Justa kapigwa mdomoni, meno mawili hana. Tukamburuta mama ndani, tukafunga komeo.

Kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, mzee Ndaki, alikuja dirishani. Nilimwamkia! Damu inanitoka na bado nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba. Akauliza kwa upole kabisa nani alimpa mwanamke filimbi. Filimbi ni ya jeshi la jadi, binti. Ikilia maana yake mwizi au mchawi kashikwa. Asiyetoka anatozwa ng'ombe. Anayefika haulizi maswali, anampiga aliyeonyeshwa.

Nikamgeukia Mama Makoye. Ulijua? Akasema alijua. Sasa kwa nini ulipuliza, mama! Akasema tulikuwa tumemwambia watu watakuja, naye alifikiri labda sisi wenye shule tumeshaongea nao. Nilitaka kujipiga kichwa ukutani. Hatukuongea na mtu yeyote. Hata balozi wa nyumba kumi hatukumwarifu!

Padre Marselino wa parokia kapiga simu, kasema polisi wameshatoka mjini Katoro. Kasema hivyo mara tatu. Simu yangu imezima. Mawe juu ya bati, hatusikilizani.

Mawe yameacha. Harufu ya petroli dirishani.

Makoye anaita. Sauti laini, kama ya mtoto. Mayu, mama, fungua, nimekuletea maji. Mayu, wageni wako wataungua bure. Toka peke yako, wao hatutawagusa.

Justa analia bila sauti. Mimi nimekaa chini, mgongo mlangoni. Mama Makoye kasimama, mkono mmoja unaning'inia, kajifunga kanga vizuri kwa ule mzima. Nikamwambia hana maji, mama, anakudanganya! Akasema anamjua, kamzaa yeye. Anasema nimpishe. Anasema nyumba hii ni yake, tumempa wenyewe, na mgeni hafii kwake.

Nimekataa. Kaliinamia komeo juu ya kichwa changu, kanga yake inanigusa uso. Mkono mmoja tu ule, na dhaifu. Nikiushika nauzuia. Justa ananiangalia, hasemi mshike, hasemi muache.

Komeo limesogea. Na mimi bado nimeshika kalamu —