Mabua Yako, Baba Kobe

Mwaka umezunguka tangu ututoke, Baba Kobe, na nyumba hii bado haijakaa chini. Naandika mimi mkeo, nikiketi na kuinuka, maana ule ugonjwa wako wa kutotulia nimeurithi mimi.

Hukuwahi kumaliza kikombe cha chai ukiwa umeketi. Kila nilipofua mashati yako nilitoa mabua mifukoni: ya ngano, ya mpunga, ya mahindi. Kwenye harusi ya dada yako ulichomoa bua kwenye pambo la meza, ukalinusa, ukamwambia bwana harusi, "Humu mna hemiselulosi ya kutosha." Maskini, akakushukuru.

Wageni wa msibani waliuliza ulikuwa unapika nini kule maabara. Tukawaeleza ulivyotueleza sisi: watu huchoma mabua, kumbe nyuzi zake zina kitu kama gundi, ndiyo hiyo hemiselulosi yako, kinachoweza kutengeneza karatasi laini ya kufungia chakula badala ya plastiki. Unayakatakata, unayapasha moto kwenye maji ya soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, unachuja. Yale maji unayamimina kwenye spiriti, na gundi inajitenga, inatuama chini. Yako ilitoka kahawia kama ugoro. Wewe ulitaka nyeupe.

Tuseme kweli, mume wangu, tatizo lilikuwa wewe. Fundi wa maabara akipunguza moto, akigeuka tu ulikuwa unauongeza, na moto mwingi ndio ulioitia gundi ukahawia.

"Mzee, haraka haraka haina baraka."

"Baraka nitaingoja nikistaafu. Ongeza moto!"

Hata hospitalini hukuuliza habari za dawa. Ulimshika mkono binti yetu, uliyembandika jina la Kobe kwa mwendo wake, ukauliza, "Ile aliyopika fundi jana imekuwa nyeupe?"

"Bado, Baba."

Ukageukia ukuta. Hatukusikia tena sauti yako. Ile "bado" imemkosesha mtoto usingizi mwaka mzima. Nilimwambia, "Mwanangu, si ungedanganya tu? Ungepungukiwa nini?" Akanijibu, "Angetaka kuiona, Mama."

Basi akamfuata fundi, wakaanza upya kila Jumamosi. Aliyatoa rangi mabua kwanza, jambo ulilolikataa kwa kuwa linachelewesha. Akawasha moto mdogo, akakaa akiutazama. Mimi na dada yako tulikuwa koridoni, tukitembea huku na huku.

Jumamosi iliyopita alituita ndani, akamimina. Vikaanza kushuka vipande vyepesi, taratibu, vyeupe pe. Fundi akapiga makofi. Kisha sote wanne, bila kuambizana, tukageukia mlango na kukuita: "Njoo uone!"

Kobe ndiye aliyeanza kulia.

Imekuwa nyeupe, Baba Kobe. Lala sasa. Sisi bado hatujaweza.

Ni sisi: mkeo, binti yako Kobe, dada yako na shemeji yako wa harusini, pamoja na fundi uliyemhesabu ndugu. Haitapita siku tusikukumbuke.