Mkono wa Mama Mdogo na Siku Zake Mbili za Kuzaliwa

Chumba cha Takwimu,
Hospitali ya Saratani,
S.L.P. 417.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi yangu na watoto. Goti lako limepoa, au bado unapanda ngazi huku unahesabu kila moja? Sisi huku hatujambo. Nami ni mzima, ila nina kinyongo nawe, na heri nikitoe kabla sijafika kwenye furaha.

Juzi kwenye simu ya ukoo mlimshukuru Mungu, mkamshukuru daktari, mkamshukuru hata dereva wa teksi aliyemrudisha Mama Mdogo nyumbani. Mimi nilikuwa nimeketi pale pale, simu nimeishika mimi! Sikutajwa hata kwa bahati mbaya. Na ni wewe, Kaka, uliyeniambia mwezi wa pili, "Mkono ukatwe, uhai kwanza. Wewe mtu wa kompyuta, waachie madaktari." Basi kaa kitako nikueleze. Kazi hii sikurithi kwa mtu. Nilitengeneza simu mchana nikasoma jioni. Nikingoja kusifiwa nitaota mvi.

Unakumbuka uvimbe ulikuwa kwenye msuli, juu ya kiwiko cha kulia. Ni saratani ya nadra. Njia zilikuwa mbili: kuukata mkono, au kumpa dawa za dripu kwanza ili uvimbe unywee, kisha utolewe wenyewe. Fundi cherehani bila mkono wa kulia atakuwa nani? Lakini hospitali yetu ilikuwa imeiacha njia ya pili kwa sababu ya hesabu. Wagonjwa tisa walipewa dawa hizo. Watatu walirudi wakiwa na hali mbaya, sita hawakurudi kabisa, na ripoti ikawaweka wote tisa upande wa walioshindwa.

Hapo nikawaka. Asiyerudi si lazima awe amekufa. Pengine amepona, akaona nauli ya nini. Nikamwendea daktari wake, nikamwambia hao sita hatujui walipo, basi tusiwazike.

"Hata mimi wananisumbua," akasema. "Unaweza kuwatafuta?"

Hospitali yetu imeungana na nyingine nne katika mtandao mmoja wa utafiti wa saratani. Usidhani tunamwagiana siri za watu. Majina hayatoki getini. Programu huchukua majina ya mgonjwa na tarehe yake ya kuzaliwa, ikavisaga mpaka vikawa namba ndefu. Ni kama unga, huwezi kuurudisha kuwa punje. Lakini mtu yule yule akitibiwa kwingine, unga wake hutoka vile vile, na mashine hutambua kuwa ni mmoja.

Kamati ya maadili ya hospitali iliporuhusu, nikatuma namba sita. Jibu: hakuna. Nikatuma tena. Hakuna! Na mkono wa Mama Mdogo ulipangiwa kukatwa Alhamisi. Kaka, siku hizo nilikuwa natafuna tu, ladha siioni.

Jumatatu nikampeleka kuandikishwa wodini. Muuguzi akamwuliza tarehe ya kuzaliwa.

"Mwaka naujua, mwanangu. Siku, andika uipendayo."

"Basi tunakuweka mosi Januari, mama."

"Makubwa haya! Hospitali ya kwanza waliniweka mosi Julai. Nina siku mbili za kuzaliwa, na keki sijaletewa hata moja!"

Muuguzi akacheka mpaka akashika meza. Mimi nilikuwa tayari nakimbia koridoni, mlinzi akadhani nimeiba kitu.

Umeona? Asiyejua siku yake, sisi tunamwandika mwanzo wa mwaka, wenzetu wa mtandao wanamwandika katikati, na wale sita karibu wote tulikuwa tumewaandika mosi Januari. Tarehe mbili, unga wa aina mbili, mtu mmoja. Nikawapigia wenzangu wa takwimu wa hospitali zote nne. Mmoja akaguna, "Kumbe tumekuwa tukipishana mlangoni!" Tukakubaliana siku na mwezi vitolewe, ubaki mwaka na majina matatu, na aina ya uvimbe iwe shahidi.

Jumatano mchana watano kati ya sita wakajitokeza. Wazima! Wanahudhuria kliniki za karibu na kwao, mikono na miguu yao wanayo. Wa sita bado hajaonekana, nami simhesabu mzima wala marehemu. Tulipojumlisha na wagonjwa wa wenzetu waliopata dawa zile zile, wakawa thelathini na mmoja, na ishirini na wanne hawakukatwa kiungo. Madaktari wakajifungia mpaka jioni. Walipotoka, daktari wa Mama Mdogo akasema, "Futeni upasuaji wa kesho. Tunaanza dripu." Akanikumbatia mbele ya watu, na kalamu ya mfukoni mwake ikanichoma. Sikujali.

Dawa zilimtesa, sikufichi. Alitapika, nywele zikaisha, kuna asubuhi alinigeuzia mgongo. Lakini uvimbe ulinywea, wakautoa mwezi uliopita, na mkono upo mahali pake. Kovu ni refu, vidole viwili bado vizito. Mwenyewe anasema mkono wake umekuwa kama mume mvivu, lazima uuite mara tatu ndipo uamke.

Na si yeye peke yake. Njia ile imerudishwa, na wiki hii wagonjwa wawili wengine wameanza dripu. Katika hospitali zote tano sasa, siku isiyojulikana inaandikwa "haijulikani". Imetuchukua miaka kukubali neno hilo moja.

Nisalimie wifi, wabusu watoto, na umwambie mjomba wa huko kwamba baba anamkumbuka. Mungu awalinde mtokapo na muingiapo, awape afya na riziki isiyo na mawaa.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Dada yako.

*Mwanangu, hapa naandika mimi mwenyewe, kwa mkono wa kulia. Mwandiko umepinda, vumilia. Nitumie vipimo vya watoto, kiuno na urefu. Nataka kuwashonea. Mama yako mdogo.*