Kaka Hamadi Alipoitwa Dar

Mjukuu wangu Salim,

Huku Ilford sote wazima, na mama yako anakusalimu. Umeniuliza kama uache chuo huko Marekani uingie mpira wa kulipwa sasa, au umalize kwanza.

Kaka yangu Hamadi, golikipa wa chuo cha ualimu Unguja, naye aliitwa na klabu ya Dar kabla hajamaliza. Baba akamuuliza, "Unataka kwenda, au unaogopa hawatakuita tena?"

"Nataka, baba."

Akaenda. Nilimwona akiruka kudaka penalti, nikajiambia: huyu ndiye ninayekula naye sinia moja! Baadaye aliumia goti, likamrudisha chuoni, akasomesha hadi uzeeni, wala hakujuta.

Siwezi kukuamulia. Ukishajua moyo wako unataka nini, nipigie mimi kabla ya mama yako.

Bibi yako