Ulichowajibu Watu wa Ubalozi

Kaka Edgar,

Leo sikuamkii. Tangu nijue kusema sijawahi kufungua mdomo mbele yako bila shikamoo, hata siku nilizokuwa nimenuna, lakini ya leo nimeimeza. Naandika wazi ili Lipingo nzima isome, kwa sababu ulipowatangazia watu ufukweni kwamba nimenyimwa viza kwa kushindwa Kiingereza, uliwatangazia wazi vilevile.

Nikukumbushe tulivyokuwa. Baba alipofariki ulinishika bega pale kaburini ukasema, "Usilie sana. Kuanzia leo baba yako ni mimi." Nikaamini, maana ni wewe uliyekuwa ukinibeba mgongoni kuvuka mto wakati wa masika ili viatu vyangu vya shule visilowe, wewe mwenyewe pekupeku. Chuo cha ng'ambo kiliponikubali, tulipanda pamoja hadi Mbinga mjini, kwenye duka la intaneti, kujaza maombi ya viza. Baridi ya kule ilikushinda, ukachukua khanga yangu ukajitanda kama bibi kizee, watu wakacheka. Mwenye duka alipouliza mdhamini ni nani, ulijibu kabla yangu: "Andika mimi. Na jina la ukoo uliweke, wasije wakanichanganya na mlevi mwingine." Nilicheka mpaka machozi. Nilijiona mwenye bahati kuliko wasichana wote wa ziwani.

Kumbe wakati huo ulikuwa umeshapokea posa yangu. Yule mchuuzi wa usipa, dagaa wa ziwa letu, mzee aliyefiwa na mke na mwenye wajukuu, alikuletea mashine ya boti ukaipokea kuwa mahari, bila kuniambia mimi wala Mama. Kwetu baba akifa, kaka mkubwa ndiye anayepokea posa ya dada yake, hilo silipingi. Lakini binti huitwa kwanza akaulizwa. Mimi niliulizwa ubalozini.

Yule mama aliyenihoji Dar es Salaam alitaka kujua kama nina mchumba. Nikasema sina. Akaniangalia, kisha akaniambia walikupigia simu asubuhi ile, ukawajibu kwamba nimeshaposwa na naolewa baada ya Pasaka. "Kati yako na mdhamini wako, nani mwongo?" Nilinyimwa viza kwa kusema uongo, kaka, mimi niliyekuwa nasema kweli.

Niliporudi ulikuwa na maelezo yako tayari. "Nilikuwa nakusaidia, mdogo wangu. Hawa watu wanaogopa mtu asiyerudi kwao. Nikajua wakisikia una mume huku watakuachia uende." Ningekuamini, ulivyokuwa na sura ya huruma. Lakini mashine ilikuwa imeshafungwa kwenye boti, na kila iliponguruma akina mama waliokuwa wakianika usipa waligeuka kunitazama mimi.

Nikakimbilia Mpepai kwa mjomba, nikachuma kahawa mpaka vidole vikapasuka, nikisubiri mwaka mwingine wa chuo. Mjomba ndiye aliyenidhamini mara ya pili. Simu ya ubalozi ilimkuta shambani, akapiga kelele kama anafukuza ngedere: "Huyo ni mtoto wetu! Hana mume, hana mchumba, ana akili tu. Mpeni aende!" Wakanipa. Na niliposikia mchuuzi amekuja kung'oa mashine yake, umerudia makasia, nilicheka peke yangu katikati ya mibuni. Sikuona haya, na hata leo sioni.

Miaka imepita. Sasa nafundisha katika chuo kilekile. Ndipo mwaka huu ukanitumia sauti yako kwenye simu, imelainika kweli: "Mdogo wangu, yaliyopita si ndwele. Binti yangu Lusia, mwanao pia, amepata nafasi ya chuo hukohuko kwako. Tunaomba umdhamini." Nilikubali siku hiyohiyo. Nikasikia umesimama kanisani ukamshukuru Mungu kwa dada mwenye moyo wa kusamehe.

Sijasamehe. Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Mama ananiambia kila Jumapili, "Mwanangu, mwachie Mungu." Namjibu kwamba Mungu ana kazi nyingi, hii naiweza mwenyewe.

Nilimsimulia Lusia yote. Kahawa ya Mpepai, mashine, na ulichowajibu watu wa ubalozi. Mtoto akauliza polepole kwenye simu, "Shangazi, na mimi je? Kuna mtu ameshaleta posa yangu kwa Baba?" Sijui mtu yeyote aliyekuja kumposa. Ningeweza kumwambia hivyo akatulia. Sikumtuliza. Nilimwambia, "Muulize baba yako." Hakukuuliza, aliogopa jibu, na huko kuogopa ndiko nilikokuwa nakutaka. Wewe ulinichukulia mwaka mmoja. Mimi nimekuchukulia zaidi ya hapo, na nalala vizuri.

Najua umeshamnunua mbuzi na kuwaambia wanakwaya wajiandae. Unasubiri viza itoke ili umuage mwanao mbele za watu, umwekee mkono kichwani kama Baba alivyokuwa akituwekea sisi kabla ya safari. Kila ulipouliza, Lusia alikujibu, "Bado, Baba." Viza ilitoka zamani. Alipoaga kwamba anakwenda kumsalimu mjomba Mpepai, alikuwa ndiyo anaondoka. Mama alipanda kule akamwekea mkono yeye. Sasa hivi yuko mezani kwangu, anakula. Nimempa simu akupigie, akairudisha.

Mfungue mbuzi, kaka.

Baki na ziwa lako.

Ni mimi,
Shangazi yake Lusia