Benchi la Wazee

Bwera, Jumanne

Eti mimi mzee!

Leo mwenyekiti wa kijiji alituita tuchague jambo moja la kuiomba serikali: madarasa mapya, au dawa za presha pale zahanati. Tulikaa kwa makundi. Nikaenda kwa akina mama, kama kila mwaka. Msichana anayeandika majina akanigusa bega.

"Mama, uko na miaka ngapi?"

"Hamsini. Nilitimiza mwezi jana."

"Basi nafasi yako iko kule, kwa bazee."

Nilidhani ananitania. Kwenye benchi lile walikuwa wawili tu, katekista mstaafu na bibi mmoja asiyeona. Mimi wa tatu. Nikageuka kutazama uwanja, na hapo ndipo niliposhtuka kabisa. Watoto, wasichana wenye mimba, vijana juu ya bodaboda zao. Rika langu limekwenda wapi? Nilijua tumezikana, lakini sikuwahi kutazama tumebaki wangapi.

Tukainua mikono yetu mitatu kuomba dawa. Uwanja ukacheka. Kisha wao wakainua yao kuomba madarasa, ikawa mingi hata sikuona milima nyuma yao.

Siwalaumu. Nashona sare za shule, watoto hao ndio wananilisha. Lakini vidonge vyangu vimebaki vinne, na kufuata vingine mpaka Kasese...

Mwaka jana, katekista alipoinua mkono kuomba dawa hizohizo, aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote nilikuwa mimi.