Urusi Ilivyoingia Kati Yetu

Bwera, 14 Machi 2022

Kwa mukwe wangu Tsongo, baba ya Docus,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Hapa tuko wazima, mimi na mke wangu Kahambu. Mgongo unanisumbua kidogo kwa kuinua magunia ya chumvi, lakini si kitu. Na ninyi huko Kasese? Miguu ya Mama Docus imepunguza kuvimba? Na mjukuu wetu Yayeri, analala vizuri tangu ubatizo?

Barua hii nampa Medius, yule mama anayeleta samaki wa Hamukungu sokoni Mpondwe, hapa mpakani. Umenipigia simu na sikushika. Kwa simu wewe unaamuru. Kwa karatasi utanisikiliza mpaka mwisho. Naandika Kiswahili maana lugha yetu ya nyumbani ni tamu mno kwa maneno haya.

Bageni balikuwa banakula kwako siku ile ya ubatizo, televisheni yako inaonyesha vifaru vya Urusi vinaingia Ukraine. Ulisimama na soda mkononi, ukasema mbele ya batu bote kwamba hivyo ndivyo mwanaume analinda mupaka wake. Mimi nikasema mwanaume analinda mupaka akiwa upande wake. Sikuongeza neno. Ukanijibu, "Mkimbizi hafundishi askari mambo ya mipaka. Toka kwangu."

Kahambu alikuwa amebeba mutoto. Alimurudisha kwa Docus, tukatoka kutafuta gari. Ruben, kijana wangu, mume wa binti yako, alibaki ameinamisha kichwa katikati ya baba zake wawili.

Mukwe, mimi si mutetezi wa Bazungu ba Magharibi. Batu ba kwetu balikatwa mikono kwa ajili ya mpira wao wa kutengeneza magurudumu. Lakini nilikuwa kwetu Butembo mwaka wa tisini na nane, majeshi ya majirani yakiingia Kongo. Kila mumoja alisema anafukuza baasi bake. Nyoka ni wake, nyumba ni yangu, na fimbo inavunja vyungu vyangu. Mutu wa Ukraine anayelala leo chini ya nyumba yake, mimi namujua.

Sikuombi ukubali. Naomba uniite tena kwako.

Mukwe wako,
Baba Ruben


Kasese, 27 Machi 2022

Kwa Stanislas,

Salamu. Sisi wazima. Miguu ya mama bado inavimba. Mtoto amenenepa.

Ulisema nimekufukuza. Ni kweli. Mgeni habishani na mwenye nyumba mbele ya mchungaji. Lakini hayo maneno yako nitayajibu.

Nani alivunja Libya? Ni hao hao wanaolia leo. Huko kwenu Beni watu wanakatwa na panga miaka mingi sasa. Umewahi kuona Mzungu amejipaka bendera ya Kongo usoni? Ukraine ilikuwa wiki moja tu, dunia nzima ikavaa bluu na njano. Watoto wa Afrika waliokuwa wakisoma kule walishushwa kwenye treni, Wazungu wapande kwanza. Hao ndio unawalilia?

Urusi haikutawala hata kijiji kimoja hapa kwetu. Bunduki niliyobeba jeshini ilitoka huko, na waliotupa hawakutuhubiria. Magharibi walisogeza jeshi lao nchi baada ya nchi mpaka mlangoni kwa Mrusi. Mtu akipanga mizinga Kasindi, ng'ambo ya Kongo, mdomo umeelekea Bwera, afande gani atakaa akinywa chai?

Kuhusu tisini na nane, mimi nilivuka kwa amri. Sikuchukua hata kuku. Na wewe ulipokimbia, ulikimbilia wapi? Kwa hao majirani. Ukapata kiwanja, ukapata nafasi sokoni, kijana wako akapata binti yangu. Umekula chumvi yetu, Stanislas.

Ukitaka kuona mtoto, njoo. Ukraine uiache huko Bwera.

Mkwe wako,
Baba Docus


Bwera, 9 Julai 2023

Kwa Baba Docus,

Salamu kwako na kwa Mama Docus. Sisi tuko hai. Zaidi ya hapo usiniulize.

Tangu mwaka jana tulikuwa tunaonana vizuri. Nilikuja Pasaka, tukala mbuzi, hatukutaja Urusi. Nilidhani tumepona.

Unajua mwezi uliopita tulizika batoto ba shule hapa Mpondwe, bale baliouawa usiku na baasi kutoka upande wetu wa Kongo. Nilishika jembe na bengine. Kahambu aliwapikia bamama ba wafiwa. Wiki iliyofuata nilikuwa ku depo yangu ya chumvi, redio ya jirani imewashwa, nikasikia sauti yako. Ulikuwa umepiga simu kwenye kipindi. Ulisema makaburi ya Mpondwe yanaonyesha kwamba Urusi iko na haki: adui akiwa ng'ambo, unamufuata ng'ambo.

Mutu mumoja aliyemupoteza mutoto alikuwa amesimama mbele yangu ananunua chumvi. Alisikia. Aliniuliza kama huyo si mukwe wangu. Nikasema ndiyo.

Tsongo, bishana na mimi unavyotaka. Lakini bale batoto si hoja ya mutu. Hawakufa ili wewe unishinde.

Na ile chumvi uliyosema nimekula, niliinunua Kabatoro, ku ziwa la chumvi, kwa jasho langu. Hakuna aliyenipa.

Baba Ruben


Kasese, 16 Februari 2025

Kwa mkwe wangu Stanislas,

Salamu na heshima. Natumaini mgongo umepata nafuu. Mama Docus sasa anatembea mpaka kanisani. Yayeri ameanza kuimba nyimbo za Jumapili, anachanganya maneno yote.

Nina habari nzuri, naomba uisome ukiwa umekaa. Ruben amepata kazi Urusi. Ni kazi ya kulinda stoo kubwa ya vyakula. Rafiki yangu wa jeshini, Zedekiah, anafanya mipango na ajenti kule Kampala. Nilimwambia Zedekiah huyu ni kijana wangu, ana nidhamu, achukuliwe wa kwanza.

Ruben mwenyewe alikuja kwangu. Tangu yule mwenye lori alilokuwa akiendesha alipouza gari yake amekaa bila kazi, na alisema hataki watu wa mtaa waendelee kumwita mume wa binti ya Afande. Docus alilia kidogo, baadaye akamfungia nguo.

Kwa Magharibi angepanga foleni ya viza mpaka azeeke. Warusi walimjibu kwa wiki mbili. Sasa umeona rafiki wa Mwafrika ni nani.

Sikukwambia mapema kwa sababu ungemzuia. Medius akikupa barua hii, Ruben atakuwa ameshapanda ndege.

Mkwe wako,
Baba Docus


Bwera, 30 Machi 2025

Kwa Baba Docus,

Salamu. Tuko wazima wa mwili.

Nilikaa mwezi muzima bila kukujibu, kwa sababu kila nikishika kalamu Kahambu aliniambia ningoje hasira ipite. Haijapita, lakini sasa kuna haraka.

Ruben alitupigia juzi kwa simu ya mutu mwingine. Sauti yake ilikuwa ya chini. Alisema hakuna stoo. Balipofika balipewa karatasi ya Kirusi basaini, na aliyeuliza maana yake alinyamazishwa. Bamemuvalisha nguo za jeshi. Banafundishwa kupiga bunduki, wiki chache tu, kisha banapelekwa. Nilimuuliza banapelekwa wapi. Akasema, "Papa, mbele, ku vita." Simu ikakatika.

Leo sitaki kubishana juu ya nani alianza. Wewe unamujua Zedekiah. Panda gari mpaka Kampala, mushike mukono, amutafute huyo ajenti. Kama unataka niseme Urusi ni nchi nzuri kuliko zote, nitaandika hivyo na kuweka sahihi. Murudishe tu mutoto.

Baba Ruben


Kasese, 11 Mei 2025

Kwa Stanislas,

Salamu. Mama Docus ana homa.

Nilienda Kampala. Zedekiah alihama nyumba, simu yake imezimwa. Ile ofisi ya ajenti sasa ni saluni. Nilisimama pale mlangoni, wasichana wakaniuliza kama nataka kunyolewa.

Lakini usivunjike moyo. Mlinzi lazima avae sare, lazima ajue bunduki. Hata mimi nilipoanza nilidhani ninakufa. Mbele ina sehemu nyingi: kuna jikoni, kuna madereva, na Ruben ni dereva. Jeshi kubwa kama lile halitupi watu ovyo. Hizo habari za kutisha unazosoma zinaandikwa na nani? Ni magazeti ya Magharibi.

Usimwogopeshe Docus. Siku hizi hali chakula.

Baba Docus


Bwera, 7 Septemba 2025

Kwa Tsongo,

Salamu kwa Mama Docus.

Mutoto wa dada yangu aliye Nairobi alinitumia video. Sijui kama imekufikia, kwa hiyo nakuandikia yote.

Ruben amekaa kwenye kiti, ukuta mweupe nyuma yake. Amekonda. Mukono wa kushoto umefungwa bandeji mpaka kiwiko. Iko mufungwa wa ba-Ukraine. Mutu anayemuuliza haonekani, anasema Kiingereza, na Ruben anajibu polepole, unajua Kiingereza chake. Anasema balikuwa kumi na mumoja kwenye msitu, bakaambiwa bakimbie kuvuka uwanja. Balivuka babili. Huyo mwenzake alikufa asubuhi yake.

Kisha yule mutu akamuuliza, "Ukraine ilikukosea nini?"

Ruben akasema, "Hapana. Sikujua Ukraine."

"Nani alikutuma?"

Akashika bandeji yake. Akasema, "Baba yangu."

Nilisimamisha video pale. Nilitoka nje. Nilijiuliza ni lini nilimutuma, ni neno gani nililosema. Kahambu alinifuata. Aliniambia nirudi nisikilize mpaka mwisho, kwamba si mimi. Nikarudi. Ruben anaendelea, anasema baba ya mke wake ni askari wa zamani, na alimwambia Mrusi hadanganyi Mwafrika.

Anakuita baba, Tsongo. Hata pale, na mukono umefungwa bandeji, hakukuita mukwe.

Docus aliiona kabla yetu. Amefika hapa jana na Yayeri na sanduku moja. Sikumuita. Hakusema atakaa mpaka lini, na mimi sitamuuliza.

Stanislas


Kasese, 12 Septemba 2025

Kwa Stanislas,

Nimeona video. Wengi hapa Kasese wameiona, wananionyesha barabarani.

Nimekuwa askari, najua mambo ya mateka. Mateka anasema anacholazimishwa kusema. Hao watu wa Ukraine wamemwekea maneno mdomoni ili kuchafua Urusi na kutugawanya sisi. Na wewe umegawanyika, kama wanavyotaka. Mimi nilimfundisha Ruben kwamba mtu anayeshikwa anataja jina na namba, basi. Hakai kwenye kiti kumtaja mzazi mbele ya dunia.

Docus ni binti yangu. Mtoto alizaliwa kwangu. Mwambie nitakuja Jumamosi ya wiki ijayo kuwachukua, wawe tayari asubuhi.

Tsongo


Bwera, 13 Septemba 2025

Tsongo,

Medius anasubiri, kwa hiyo naandika kidogo.

Nilimusomea Docus barua yako yote, sikuruka kitu. Alikuwa anachambua maharagwe. Alisema, "Mwambie asije. Mwambie mume wangu yuko hai kwa sababu aliinua mikono akajisalimisha, na kama angemsikiliza baba ningekuwa mjane."

Nilimuuliza kama kweli niandike hivyo. Akasema niandike.

Batu ba Msalaba Mwekundu banasema bafungwa banabadilishwa, lakini mutu anarudishwa tu kama upande wake unamuomba. Urusi inaomba Barusi. Mimi nimeandika kwa serikali Kinshasa, Docus ameandika Kampala. Ndiyo kazi tunayofanya hapa jioni. Ile hoja yako juu ya rafiki wa Mwafrika, nenda uwaulize rafiki zako kama banamukumbuka.

Usiniandikie tena juu ya vita hii.

Stanislas


Kasese, 22 Februari 2026

Kwa mkwe wangu, Baba Ruben,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama Ruben. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi niko mzima, macho tu yamepungua. Mama Docus alilazwa wiki mbili, amerudi nyumbani. Anamwita Yayeri usiku, mimi namwambia mtoto amelala.

Hii ni barua ya tatu tangu Noeli. Medius anasema zile mbili alikupa mkononi.

Ijumaa nilikuja Mpondwe. Nilisimama upande wa wauza mihogo, wewe ulikuwa unapima chumvi. Uliniona. Najua uliniona, kwa sababu ulimwagia mteja chumvi nje ya mfuko. Kisha ukainama kumhudumia mwingine, na mwingine tena, na nilipoona kwamba hakuna aliyebaki kwenye foleni, ukaanza kupanga magunia yaliyokuwa yamepangwa. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi. Nikapanda gari nikarudi.

Hapa nyumbani televisheni naizima kabla ya habari. Mchungaji akija haketi sana. Bado nasema Magharibi ndio walianza, hilo sitabadili, lakini sina tena mtu wa kumwambia. Wengine wote wananiitikia tu ndiyo Afande, ndiyo Afande, wakinywa chai yangu. Wewe peke yako ulikuwa unanipinga.

Sikuombi mtoto. Nataka kujua kama kuna neno kutoka kwa Ruben, na kama Yayeri ameanza shule. Kama hutaki kuandika, mpe Medius karatasi tupu. Nitajua kwamba umesoma.

Baba Docus