Mto wa Sufi

Mkolani, Jumapili jioni

Amerudi nyumbani, mume wangu, uzuri wangu wote! Alfajiri pumu ilimbana hadi midomo ikabadilika rangi. Tulimkimbiza hospitali, wakamwekea oksijeni.

Daktari akaniuliza, "Mnalalia nini?" Nikajibu kwa fahari: mito ya sufi, niliyoijaza na kuidarizi mwenyewe kabla ya harusi.

"Mama, vumbi la sufi litammaliza. Itoe leo."

Wangu nimeutoa. Wa kwake kaukumbatia, anacheka. "Huu sikupi. Uliushona wewe, mke wangu. Na pumu ilikuwa inanibana hata kabla sijakujua."

Nampenda hadi nikashindwa kumnyang'anya. Sasa amelala, shavu juu ya majina yetu mawili niliyoyadarizi, na kifua chake kimeanza tena kupiga mluzi.